Jina Lake Lilikaa Shavuni

Wifi yangu ana majina mawili. La kwanza ni lile alilopewa na baba yake, liko kwenye vyeti na sina haja ya kulitaja. La pili halitamkwi. Unachukua kidole cha shahada, unakibonyeza kwenye shavu la kushoto karibu na pembe ya mdomo, basi, umeshamwita. Fanya hivyo mbele ya mtoto yeyote wa shule yetu ya viziwi, atageuza shingo kumtafuta kwa macho, maana jina hilo walimpa watoto wenyewe.

Watoto wetu humwita mtu kwa kile wanachokiona kwake, na hawapindishi. Mwalimu mkuu wanamwita kwa kuchora tumbo hewani, na yeye ameridhika kabisa, anadhani wanamaanisha cheo. Mimi mpishi wao nina chunjua kidevuni, basi mimi ni kidole kidevuni. Mwanzoni niliona haya. Siku hizi wasiponiita hivyo naona wameninunia. Wifi alikuwa na kibonyeo kimoja tu, upande huo wa kushoto, na kilijichimba hata akitabasamu kidogo. Watoto wakakipenda, kikawa ndiyo yeye.

Alipoolewa na mdogo wangu, yule seremala, alikuwa msichana wa kucheka ovyo. Mama yetu alikuwa akisema, "Huyu binti anacheka hata na sufuria." Shuleni nilimpeleka mimi, walipotaka dobi. Hakujua ishara hata moja. Alijifunza kwenye kamba ya nguo: watoto walikuwa wakimshikia mashuka huku na huku wakimwonyesha, hii ni shuka, hii ni mvua, huyu mwongo, huyu kajikojolea. Haukupita muda akawa anagombana nao kwa mikono na wao wanamjibu. Mlezi wa bweni la wadogo alipostaafu, watoto wenyewe walimwendea mwalimu mkuu na kubonyeza mashavu yao. Hivyo ndivyo alivyopata kazi.

Kazi yenyewe si ya kuwaza tu ukaijua. Mtoto asiyesikia humwamshi kwa kumwita. Wifi huwasha taa na kuzima, huwasha na kuzima, kisha hukanyaga sakafu ya mbao mpaka vitanda vinatetemeka. Na akisema nao, nusu ya maneno iko usoni. "Njoo" ya mikono ni moja, lakini uso ukicheka maana yake njoo nikukumbatie, na uso ukikaza maana yake njoo unieleze nani kavunja dirisha. Wifi hakuwa na haja ya kukaza sana. Uso wake ulikuwa mali ya bweni zima.

Basi asubuhi moja, sasa yapata miaka miwili, alikuwa anasukutua mdomo na maji yakamwagika upande mmoja yakamlowesha kifua. Akadhani ni usingizi. Akasukutua tena, yakamwagika tena. Mdogo wangu alinipigia simu kabla sijawasha jiko. "Dada, njoo haraka. Uso wa mama watoto umelala."

Nilifika nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda. Upande wa kulia alikuwa ni yeye, ameogopa. Upande wa kushoto haukuwa na mtu.

Hospitali walisema si kiharusi, tumshukuru Mungu, ni mshipa wa fahamu wa uso tu. Wakampa vidonge, wakasema wengi hupona wenyewe. Tukasubiri kuwa miongoni mwa hao wengi. Nilimwombea kila nilipopiga magoti, na mama naye alimwombea, na wenzetu wa ibada walikuja nyumbani wakamwekea mikono. Miezi ikapita, uso haukuamka. Nyusi ilishuka, pembe ya mdomo ikaning'inia, na jicho halikufumba. Alipolala alikuwa akiibandika kope kwa plasta, lakini asubuhi plasta iko kwenye mto na jicho liko wazi, limekauka, jekundu. Alianza kula akiwa ameupa ukuta uso. Njiani alishika ncha ya mtandio mdomoni kama mtu anayepita penye vumbi.

Kibonyeo kikaenda. Jina likabaki.

Watoto wakubwa walimzoea. Shida ilikuwa wale wapya, waliokuja baada ya ugonjwa. Wao walifundishwa jina lake na wenzao, wakabonyeza mashavu, lakini hawakujua wanabonyeza nini. Halafu kuna jambo alilonionyesha siku moja pale mlangoni pa jikoni, akiwa na watoto watano wamepanga mstari.

"Wifi, hebu watazame," akaniambia. Akawauliza kwa mikono kama wamefurahia uji. Wote watano wakajibu wamefurahi, na wote watano wakatabasamu kwa upande wa kulia tu. Upande wa kushoto waliulegeza makusudi, mdomo umeanguka, jicho limetoka.

Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, maana walikuwa kama vibuyu vitano vilivyoota vibaya. Naye alicheka, kwa ule upande wake. Kisha akasema, "Wanadhani furaha ndivyo inavyofanywa. Nawafundisha uso mbovu." Akaenda chooni akakaa huko muda.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta pesa kwa nguvu. Sisi wafanyakazi wa shule tuna mchezo wa kupeana kila mwezi, na wenzetu walikubali zamu yake iwe ya kwanza. Mdogo wangu aliuza mbao ngumu alizokuwa anazikausha darini kwa ajili ya milango ya nyumba yao. Mpaka leo mlango wa chumbani kwao ni pazia. Tukaambiwa yuko daktari wa kurekebisha nyuso, huja hospitali kuu ya mkoa kwa vipindi. Tukaenda, wifi na mimi.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, na mikono yake ilikuwa na joto. Alimkalisha wifi karibu na dirisha, akamwambia acheke, afumbe macho, akunje paji la uso, apulize. Kisha akachukua kalamu ya zambarau na kumchora vistari usoni kama fundi anayekata kitenge.

"Mama, hapa kuna kazi tatu," akasema. "Nyusi imeshuka, kope haifungi, na pembe ya mdomo imeanguka. Haitakuwa kama zamani, nisikudanganye. Lakini zote zinarekebishika."

"Kwa siku moja?" wifi akauliza.

Daktari akaitazama karatasi ya gharama, akanitazama mimi niliyeshika mkoba. "Kwa kiasi mlichokuja nacho, ni kazi moja. Nayo mtaifikia kwa kubana."

"Ungekuwa wewe, ungeanza na ipi?"

"Jicho. Wala nisingesita." Akaeleza kwamba hupasua kope ya juu, akatia ndani yake kipande chembamba cha dhahabu, ili uzito wake uishushe kope mtu anapotaka kufumba. "Jicho lako linakauka. Kioo chake cha mbele kimeshaanza kukwaruzika. Unaona vizuri upande huo?"

"Naona," wifi akajibu upesi.

Mimi nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Nilikumbuka kwamba nilipompa chupa ya maji, mkono wake uliipapasa kwanza. Nikanyamaza, nikidhani atasema mwenyewe.

"Na mdomo?" akauliza.

"Mdomo nitachukua ukamba wa nyama hapa pajani, niushikize kwenye pembe ya mdomo, niuvute juu. Hivi." Daktari akaweka kidole chini ya shavu la kushoto la wifi akalisukuma juu kidogo. Akampa kioo cha mkono.

Sitaisahau sura ile. Mdomo ulinyooka, shavu likajaa, na pale penyewe, karibu na kidole cha daktari, pakajikunja kivuli kidogo. Hakikuwa kibonyeo kizima, lakini mtu aliyekijua angesema kimepita hapo. Wifi aliking'ang'ania kile kioo mpaka daktari akakitoa mkononi mwake polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto aliyelala kitu.

"Mwili ni wako, mama," daktari akasema. "Nitarudi baada ya wiki mbili. Tia matone haya kwenye jicho, mkafikirie. Lakini ushauri wangu ni jicho."

Mle kwenye gari wifi aliketi dirishani na ncha ya mtandio mdomoni.

Jioni ile tulikaa sebuleni kwao, mama yetu, mdogo wangu, wifi na mimi. Mdogo wangu alisikiliza habari ya dhahabu, akakuna kichwa.

"Yaani mke wangu atiwe dhahabu na daktari, na mimi sijamnunulia hata hereni?"

"Tena usiseme kwa sauti," mama akamkemea. "Nyumba haina milango, watu wakisikia kuna dhahabu jichoni mwa mtu tutalala vipi?"

"Mama, ni kichembe tu."

"Kichembe cha dhahabu ni dhahabu. Mimi nasema mdomo. Mkwe wangu, mtu akikutana na wewe anatazama mdomo. Jicho utavaa miwani nyeusi, umaridadi huo. Mdomo utauvalisha nini?"

"Daktari kasema jicho," nikasema mimi.

"Daktari haishi na mtu huyu. Mimi ndiye ninayemwona akila kaupa ukuta uso."

Mdogo wangu akamgeukia mkewe. Yeye ni mtu wa mzaha, lakini hapo sauti yake ilishuka. "Mama watoto, mimi nilikuoa na huo uso na nitazeeka na huu. Mbao zimeshauzwa, haya, zisituuze na sisi. Sema unachotaka."

"Nipeni siku," akasema wifi, akakusanya vikombe.

Siku zenyewe hazikuwa na raha. Niliamka na wasiwasi, nikapika na wasiwasi, uji nikautia chumvi mara mbili, watoto wakanionyesha ndimi. Nilisali Mungu amchagulie wifi. Halafu nikajikamata, maana ndani ya sala yenyewe nilikuwa nimeshamchagulia mimi.

Wakati huo bweni lilikuwa na mtoto mgeni, msichana wa miaka sita hivi. Wenzake walimpa jina la kugonga kidole mbele ya meno, kwa kuwa la mbele lilikuwa limeng'oka. Sisi tunaosema kwa mdomo tulimwita Pengo. Nyumbani kwao hakuna aliyejua ishara, hivyo alikuja shuleni na ishara chache za kujitungia, za kula na kunywa na kuumwa, na macho makubwa yanayozunguka. Kila alichofanya wifi, Pengo alikuwa nyuma ya sketi yake.

Siku moja mchana, wakati wa kugawa maharage, Pengo alitaka kuniuliza mlezi wake yuko wapi. Hakubonyeza shavu. Alishika kope ya chini ya jicho lake la kushoto akaivuta chini, jicho likatoka, jekundu. Akaninyooshea mikono, yaani yuko wapi huyu?

Hakumaanisha ubaya, nawaambieni. Aliita alichokiona. Lakini wifi alikuwa amesimama mlangoni, nasi tuko upande anaoonea, naye aliyaona yote. Aliweka chini beseni la vikombe. Watoto wengine wawili wa mezani walimtazama Pengo, wakaona ishara ile inafaa, wakaijaribu nao.

Jioni hiyo alikuja nyuma ya jiko ninapokaa kuchagua mchele. Akakaa kwenye kigoda.

"Wifi, nimeamua. Ni mdomo."

Nikatua ungo. "Kwa sababu ya Pengo?"

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Ni mtoto."

"Ndiyo maana. Mtu mzima angenitukana ningepita zangu. Mtoto anasema nilivyo." Akafuta jicho kwa ncha ya mtandio, lilikuwa likitiririka lenyewe, halikuhitaji kilio. "Wakubwa wakimaliza shule, hakuna atakayejua kwa nini naitwa shavu. Watabaki hawa, na kwa hawa mimi ni jicho lililong'oka. Nilikuja hapa sijui hata kusema maji. Jina lile ndilo cheti changu, wifi. Wewe una cheti cha upishi ukutani. Mimi nina hilo."

"Na jicho likifa?"

"Halitakufa. Naliwekea matone."

"Unaona nalo?"

"Mbona unaniuliza kama daktari?" Akainuka. "Usimwambie mdogo wako mpaka siku ya kwenda."

Nilibaki na mchele ule, sikujua naondoa mawe au narudisha. Nilitaka kumfuata nimwambie, nimeona unavyopapasa chupa, nimeona unavyogeuza kichwa kizima kutazama mlango. Lakini mtu amenyang'anywa uso, umnyang'anye na uamuzi? Nilinyamaza, na ukimya huo ulikaa kifuani kwangu kama ugali wa jana.

Siku moja kabla ya safari yetu, baada ya chakula cha jioni, wifi alihesabu watoto vitandani, kitanda kimoja kitupu. Akaangalia bafuni, akaangalia vyoo. Akaja jikoni mbio, mtandio umeanguka mabegani.

"Pengo yuko huku?"

"Hajaja."

Sijui kama mmewahi kumtafuta mtoto kiziwi. Mtoto mwingine akipotea unaita. Unapaza sauti, watu wanatoka majumbani, na hata kama amejificha atasikia jina lake na kulia. Sisi tulitoka na tochi, mlinzi, wifi na mimi, na kinywa chetu hakikuwa na kazi. Nilijikuta naita hata hivyo. Mlinzi akaniambia, "Mama mpishi, unamwita nani? Waite majirani basi, wao wanasikia." Hakuwa anacheka, wala mimi.

Wifi alizunguka akiwasha taa na kuzima, darasa kwa darasa, stoo, ukumbi, akikanyaga sakafu kwa nguvu ili mtoto aihisi kwa miguu. Shule nzima ilikuwa inawaka na kuzimika. Mlinzi alikwenda hadi kwenye tangi la maji, akarudi akitikisa kichwa kwamba mfuniko umefungwa, nami nikamshukuru Mungu kwa mfuniko. Geti lilikuwa limefungwa vilevile, lakini ua wetu una tundu nyuma ya kuni, na nje ya tundu lile ni barabara ya malori.

Tulimpata chumba cha kufulia. Alikuwa ndani ya kapu kubwa la mashuka machafu, amejifunika, mwili unachoma kwa homa. Wifi alimtoa akamkumbatia, akampapasa tumbo, mtoto akajikunja. Chini ya taa, bado ameketi sakafuni naye mapajani, akamuuliza kwa mkono mmoja: Kwa nini hukuniambia?

Pengo alimtazama kwa mshangao. Akajibu, polepole, maana ishara zilikuwa bado hazijamkaa mikononi: Nilikwambia. Akaonyesha wapi: kwenye kamba ya nguo, leo mchana. Akaonyesha alivyosimama, kushoto kwa wifi. Tumbo linauma. Tumbo linauma. Tumbo linauma. Kisha akaonyesha alichojibiwa. Akalegeza mdomo, akashusha shavu, akatoa jicho. Ukakataa.

Nikaona mkono wa wifi umebaki hewani.

Tulimpeleka mtoto zahanati iliyo jirani. Walisema ni tumbo kuchafuka na homa ya kawaida, wakampa dawa, na mpaka kunakucha alikuwa amelowa jasho na joto limeshuka. Wifi alikaa naye. Mimi nilirudi kuwasha jiko, na nilipowapelekea chai, alinisogezea benchi kwa mguu ili nikae kulia kwake.

"Alisimama hapa," akasema, akionyesha kushoto kwake. "Pale kwenye kamba. Mtoto kasimama, kanisemesha mara zote zile, na mimi nakunja mashuka. Sikumwona, wifi. Sikumwona hata kivuli. Jicho hili lina ukungu tangu kabla hatujaenda kwa daktari."

"Najua."

"Unajua?"

"Chupa ya maji."

Akanigeukia. "Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nilingoja useme wewe."

Nilidhani atakasirika, lakini alinisukuma bega kidogo, kama alivyokuwa akinisukuma zamani tukichota maji. "Sote wawili wajinga basi," akasema. Halafu akamfunika mtoto vizuri. "Ningekuwa na mdomo mzuri asingesema nimekataa. Lakini bado nisingemwona. Angesimama pale mpaka achoke, na mimi nimetabasamia shuka."

Mwalimu mkuu akaja kukaa na mtoto. Basi la mkoa lilikuwa linaondoka asubuhi hiyo, na hatukuwa tumelala wala kuoga. Mdogo wangu alituletea mkoba wa nguo za mkewe mpaka zahanati, akamfunga mtandio vizuri mbele za watu, akauliza, "Haya, nimwambie mama tunatengeneza nini?"

"Mwambie afunge milango," wifi akasema. "Ni dhahabu."

Daktari alipomwona alichukua kalamu yake. Kabla hajachora, wifi alimshika mkono. "Daktari, siku ile niliongopa. Upande huu sioni vizuri." Daktari hakumgombeza. Alivuta taa, akaangalia jicho kwa muda mrefu mno, na mimi nilihesabu punje zote za tasbihi ya moyo wangu nikisubiri. Mwishoni akasema kioo cha jicho kimechubuka lakini hakijatoboka, na kama kope itafunga na matone yakaendelea, sehemu kubwa ya ukungu inaweza kuondoka. "Inaweza," akarudia. "Siahidi. Mngechelewa zaidi nisingesema hata hilo."

Akapasuliwa. Kazi yenyewe haikuwa ndefu, walimfanyia akiwa macho, amechomwa sindano ya ganzi. Niliketi kwenye korido na pochi tupu mapajani. Nilikuwa na hofu ya kisu, na ya dhahabu, na kwamba atatoka, atatazama kioo na kuona mdomo uko palepale. Maana hilo halikuondoka. Pesa ilikuwa imekwisha.

Alirudi bwenini baada ya nyuzi kutolewa. Kope ilikuwa bado imevimba, lakini alipotaka kufumba, ilishuka. Haikushuka upesi kama mwenzake. Ilishuka kwa heshima, kama mtu mzima anayeketi. Mdogo wangu alikaa mbele yake akimwambia, "Fumba. Fumbua. Fumba tena," kama mtoto aliyenunuliwa mwanasesere, mpaka mama akamwambia amwache mwenzake, dhahabu itachakaa.

Watoto walimpokea uani. Wakubwa walibonyeza mashavu wote kwa pamoja. Pengo alikuwa mbele, amepona, jino jipya linachungulia. Nilimwona akiinua mkono kuelekea kope yake, nikajikuta nimeshika upawa kwa nguvu. Mkono ukafika jichoni ukasimama. Alimtazama wifi kwa makini. Wifi akafumba macho yote mawili, akafumbua. Pengo akatazama kulia, akatazama kushoto. Ile alama aliyokuwa anaitumia haikuwapo tena, na mtoto akakwama, hana jina la kumwita.

Wifi akachuchumaa mbele yake. Akachukua kidole chake mwenyewe, akakibonyeza kwenye shavu lake la kushoto, akasema kwa mikono: Mimi huyu. Na kidole kilipobonyeza, kilisukuma shavu juu, kama alivyofanya daktari siku ile na kioo. Mdomo ukanyooka. Pakajikunja kile kivuli.

Sijui kama alikusudia. Nilimuuliza baadaye, akasema hakufikiri, alijitaja tu.

Pengo alikodoa. Kisha, badala ya kubonyeza shavu lake, akanyoosha kidole kidogo chenye gundi ya darasani na kukibonyeza kwenye shavu la wifi, akalisukuma juu. Akakitoa, shavu likaanguka. Akalisukuma tena. Alifanya hivyo mpaka wenzake wakaanza kusukumana, kila mmoja anataka zamu, na wifi akaanguka kitako kwenye vumbi, watoto wamemzunguka, anacheka kwa upande wake wa kulia na wao wanamchekesha ule wa kushoto.

Ukungu haujaondoka wote. Kila mwezi anapimwa, na kila mwezi mimi siku hiyo siwezi kupika kitu kikaiva sawasawa. Mama bado anasema tulikosea, ilikuwa mdomo kwanza. Mdogo wangu amepata mbao mbili, ameziweka darini, na mtu akimuuliza ni za mlango gani anasema ni za mdomo. Mchezo wetu wa kazini umezunguka upya. Nilipoulizwa pesa ya zamu yangu itakwenda kwa nani, nilikuwa na mikono yenye unga, nikajibu kwa kidole shavuni.